Chokaa

Goti langu la kushoto hujua hali ya hewa
kabla ya redio. Leo limesema: upepo.
Upepo wa Agosti, wa kutoka Kongwa,
unaozoa vumbi la njia nzima na kulitua
machoni mwa anayeanzisha mpira upande wa reli.

Nimecheza miaka kumi na tisa.
Nimelala viwanja vya ndege, begi la raketi likiwa mto.
Nimefungwa Tunis (si jela, seti mbili kwa sifuri).
Na kwa wiki sita nilikuwa mtu wa mia nne na kumi na mbili duniani.
Wiki ya saba nikawa wa mia nne na hamsini,
na mama, kule Hombolo, alikuwa bado anapalilia uwele uleule
bila habari kwamba bintiye amepungua.

Watu huniuliza siri ya ushindi.
Nawaambia pumzi, miguu, kulala mapema.
Sisemi chokaa.

Tulikuwa na miaka kumi na sita, mimi na Keziya,
waokota mipira wa makarani,
tukipokezana raketi moja
aliyoisuka upya Lazaro fundi viatu, kwa uzi wa nailoni.
Nafasi nayo ilikuwa moja: shule, Nairobi, kocha,
viatu vyenye soli.
Mwamuzi hakuja. Kila mtu akahukumu upande wake;
ndivyo ulivyo mchezo huu,
unakupa kesi, kisha unakukalisha kiti cha hakimu.

Seti ya tatu. Mpira wake ulikuja mrefu, chini chini,
ukaanguka juu ya mstari.
Chokaa ikatimka. Niliiona ikipanda
kama unga ungo unapopigwa kofi.

Nikainua kidole.
"Nje."

Keziya alinitazama, si kwa muda mrefu.
Akarudi nyuma, akajifuta jasho kwa bega.
Mimi nikauokota mpira, nikaufuta kwenye sketi,
na jioni lile doa jeupe
lilitoka kwa maji matupu, hata sabuni halikutaka.

Tangu siku hiyo nimeshinda mengi kwa haki.
Sijui kama yanahesabika.
Kwenye kandanda kuna saa, dakika tisini zitakuokoa;
kwetu hakuna kipenga cha huruma,
pointi ya mwisho huiendi mpaka uiendee.
Ila ukikosa mpira wa kwanza unapewa wa pili,
wala hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi.
Nilidhani maisha nayo yana wa pili.
Nikakaa nikiusubiri, kama mtu anayesubiri kuletewa.

Juzi, soko la Majengo, nyuma ya makreti ya zabibu:
"Mbukwa," akasema, kana kwamba tuliachana asubuhi.
Nikaomba kilo mbili.
Nikautazama mkono wake, mkono ule,
ukipanga vichala hadi mshale wa mizani ukatulia.
Kisha akaongeza kimoja, bure.

"Keziya, ule mpira..."
"Ulikuwa ndani," akasema,
akinirudishia chenji, noti imekunjwa vizuri.
"Perisi wangu yuko darasa la tano.
Kutwa anaupiga ukuta wa choo, majirani wamechoka.
Jumamosi una nafasi?"

Leo Jumamosi. Nimekuja kabla ya jua,
nimechora mistari mwenyewe, nimepiga magoti
na goti la kushoto likanilaani kwa Kigogo.
Vidole vyangu vyeupe. Sijavifuta.

Perisi amekuja pekupeku, mwembamba kama fito,
ana mkono wa mama yake; Mungu nisaidie, ni ule ule.
Akaurusha mpira juu, upepo ukausogeza,
akaupiga hivyo hivyo,
nao ukadondoka karibu mno na mstari.
Nilikuwa mbali. Vumbi. Nikakodoa macho,
na kinywa changu kikawa kizito.

"Nje," akasema yeye, kabla sijasema.
"Upana wa kidole."

Nikaenda hadi mstarini, nikainama.
Alama ilikuwepo. Upana wa kidole.

Nikatia mkono mfukoni,
nikampa mpira wa pili.